Fundi Ajuaye Kuacha

Mjini Lindi, kwenye baraza la mojawapo ya yale majengo ya zamani ya maduka yanayoelekea bandarini, hukaa fundi saa ambaye sijapata kumwona na pupa. Ana kimeza kidogo chenye kasha la kioo. Ndani ya kasha mna saa zilizokwisha kufa, mikanda iliyoachana na saa zake, na kikopo cha pini nyembamba ambazo mtu wa macho ya kawaida hawezi hata kuziokota. Hapo ndipo nilipoipeleka saa ya marehemu baba, Seiko 5 ya chuma yenye mkanda wa chuma, nikitaka iondolewe mikwaruzo.

Mafundi wengine huanza kwa kuitikisa saa na kuitega sikioni. Yeye aliufungua mkanda, akaulaza kiganjani, akauinamisha taratibu kuelekea mwanga wa asubuhi uliokuwa ukipanda kutoka upande wa ghuba. Akauinua, akaugeuza, akaurudisha. Mwanga ulipita juu ya pingili moja baada ya nyingine, na kila ulipokutana na mkwaruzo ulimeta kidogo, ukapotea. Alikaa hivyo muda mrefu, hata muuza kahawa akatupita, akazunguka mtaa na kurudi.

"Ya nani hii, mjomba?"

"Ya marehemu baba, mzee."

"Mola amrehemu. Alikuwa mtu wa kazi gani?"

"Karani wa mizani. Msimu wa korosho."

"Na alikuwa na shoto."

Kweli baba alikuwa na shoto, na saa aliivaa mkono wa kulia. Mzee alinionyesha: ubavu wa saa ulio mbali na kifundo cha kutilia majira ndio uliolika, kwa sababu ndio uliotazama vidole na kugongana na dunia kutwa. Kwa anayevaa mkono wa kushoto huwa kinyume chake. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayesoma barua, kisha akaendelea kusoma.

Naandika haya kumsifu yeye na wenzake waliotawanyika kati ya Kilwa na Lindi, kwenye vibaraza vya Kilwa Masoko na Kilwa Kivinje, kwenye pembe za masoko na karibu na stendi za mabasi. Kazi yao huonekana ndogo. Mtu atauliza, mikwaruzo ya mkanda wa saa ina uzito gani wa kuandikiwa insha? Nami nasema ina uzito, kwa kuwa ndani yake mna elimu nzima ya namna ya kuishi na vitu vilivyotutangulia: kipi kioshwe, kipi kinyooshwe, kipi kisiguswe kamwe.

Mikwaruzo haina asili moja, na fundi asiyezitenganisha asili zake hana atakalofanya ila kuharibu. Ipo ya mchanga. Hiyo ni midogo, mingi, haina mwelekeo, imetapakaa juu ya mkanda wote. Ni mikwaruzo ya mtu wa pwani, anayekaa ufukweni akingoja mashua ziingie, anayesugua mikono mchangani baada ya kushika samaki. Mchanga ni mgumu kuliko chuma cha saa, na punje moja iliyonasa kati ya kifundo cha mkono na ubao wa mashua yatosha kuacha alama ya miaka. Ipo ya ukuta, mipana isiyo na kina. Hii wanayo walioishi katika nyumba za matumbawe za Kivinje, ambamo ujia ni mwembamba, lipu imebanduka na jiwe limebaki wazi na meno yake. Ipo ya meza, chini ya mkono, kwenye kifungio. Makarani, walimu na mafundi cherehani wote wanayo, maana mkono wao hulala juu ya ubao kutwa kucha. Na ipo ya ajali: mmoja, mrefu, wa kina, wenye mwanzo na mwisho, ambao aliyeupata aliikumbuka siku yake.

Mkanda mzuri wa chuma hautoki kiwandani uchi. Juu ya uso wake pana nyuzi, michirizi midogo mno iliyolazwa upande mmoja, kutoka kwenye saa kwenda kwenye kifungio, kama ukindu uliolazwa katika mkeka. Mbavuni mwa pingili hakuna nyuzi, huko kumeng'arishwa. Na kati ya uso wenye nyuzi na ubavu unaong'aa pana ukingo, mstari mwembamba uliokatwa sawasawa, ambao ndio unaoufanya mkanda uonekane umetengenezwa na mtu aliyejali.

"Nyuzi nitazirudisha," mzee aliniambia. "Ukingo siwezi kuurudisha. Ukingo ukifa haufufuki."

Kazi yake ilianza kwa maji. Aliuvua mkanda kutoka kwenye saa, akautia katika bakuli la maji ya vuguvugu yenye sabuni, akauacha humo huku akimtengenezea mama mmoja saa ya ukutani. Aliporudi aliuchukua mswaki mkuukuu akaanza kusugua kati ya pingili na pingili. Maji yaligeuka meusi. Humo mlikuwa na jasho, mchanga, mafuta ya nazi na vumbi la magunia, vimeshikana vikawa tope gumu. Tope hilo, alieleza, ndilo linalokula pini za mkanda kila mkono unapokunjwa, mpaka mkanda unalegea na kuning'inia, na mwenyewe akadhani amekonda.

Kuosha huku kuna sababu kubwa zaidi katika pwani yetu. Chuma kisichoshika kutu, kile ambacho Harry Brearley alikiyeyusha mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, kina kromi ndani yake. Kromi ikikutana na oksijeni hufanya utando mwembamba usioonekana, na utando huo ndio unaokizuia chuma kisioze. Ukiukwaruza, hujifunga tena wenyewe, alimradi hewa ifike. Lakini palipofunikwa na uchafu wenye chumvi hewa haifiki. Utando haujifungi, na chumvi huchimba vishimo vidogo ambavyo hakuna msasa utakaovifikia. Kwetu sisi, ambao upepo wenyewe una chumvi na mashamba ya chumvi yametandazwa kandokando ya ghuba, saa isiyooshwa huliwa gizani, chini ya mng'ao wake. Mtu atahangaika na mkwaruzo unaoonekana, na huku ule uharibifu wa kweli unaendelea kwenye maungio. Mzee alikuwa na huruma na mkwaruzo. Uchafu hakuuonea huruma hata kidogo.

Mkanda ulipokauka akauchunguza tena, safari hii akiwa na lenzi jichoni. Akachukua kijiti cha chuma kigumu kilichosuguliwa kikalainika, chenye ncha ya mviringo, akadondosha tone la mafuta, akaanza kukandamiza kingo za mikwaruzo iliyo michanga. Hilo sikuwa nimewahi kuliona. Alinifahamisha kwamba mkwaruzo mwingi hauondoi chuma. Hukisukuma tu kando, kikainuka kikawa matuta mawili pembeni ya mfereji. Chuma bado kipo. Anayekimbilia msasa huyasaga matuta hayo na kuyapoteza, kisha inambidi aushushe uso wote ufikie kina cha mfereji. Mzee aliyarudisha matuta ndani, kidogo kidogo, kwa subira ya mtu anayemrudisha mgomvi nyumbani kwake. Mfereji haukuisha, ila ulipungua, na hapakupotea kitu.

Ndipo ukaja msasa. Zamani katika pwani hii mafundi wa milango na viti walitumia jani la mti wa msasa, linalokwaruza kwa vinyweleo vyake vigumu, na mpaka leo mti huo unaota vichakani. Mzee anatumia msasa wa maji, ule wa wapaka rangi wa magari, na hukata vipande vyembamba visivyozidi upana wa pingili. Alizibandika mbavu zinazong'aa utepe wa karatasi zisiguswe. Alianza na msasa laini kuliko wote aliokuwa nao, namba 2000, akatazama. Haukutosha, akashuka mpaka 1000, akatazama tena. Akaishia 600 kwa ajili ya kuzirudisha nyuzi, na hapo ndipo ustadi ulipojitokeza wazi: aliuvuta mkanda juu ya msasa kwa mkondo mmoja tu, kutoka saa kwenda kifungio, akauinua, akaurudisha mwanzo, akauvuta tena. Hakurudi nyuma hata mara moja. Hakuzungusha. Ukirudi nyuma au ukizungusha, nyuzi mpya zinakatana na za zamani, na mwanga ukizipitia unavunjika vipande vipande.

Kijana mmoja aliyekuwa akitazama alimuuliza kwa nini asitumie stili waya ya kusugulia sufuria, ni rahisi na inapatikana kila duka. "Mwanangu," akamjibu, "stili waya inaacha chembe zake ndani ya nyuzi. Ile ni chuma cha kawaida. Wiki mbili za upepo wa bahari, chembe zinashika kutu, na mwenye saa atakuja kuniambia nimemtia saa yake ugonjwa." Kijana akacheka. Mzee hakucheka, kwa sababu hakuwa akitania.

Na kila baada ya mikondo michache alisimama na kupima kwa kidole gumba. Mikanda mingi ya saa hizi za miaka ya 1970 haikutengenezwa kwa chuma kizima. Pingili zake ni bati la chuma lililokunjwa, tupu ndani. Ndiyo maana ukizitikisa zinalia. Anayesaga kwa pupa huamka siku moja akaona pingili imekuwa nyembamba kama ganda na ukingo umekwenda na maji. Kidole cha mzee kilikuwa kikiuliza kila mara: chuma kimebaki kiasi gani? Nimewaona watu wengi wenye nguvu za kufanya kazi. Wenye adabu ya kuuliza swali hilo katikati ya kazi ni wachache.

Alipofika kwenye kifungio alisimama kabisa. Pale pana mkwaruzo mmoja wa kina, unaoanzia kwenye kona ya juu na kushuka mshazari hadi katikati. Akautia ukucha ndani ya mfereji wake.

"Na huu una habari yake?"

Nikamweleza.

Baba alikuwa karani wa mizani katika ghala la korosho. Msimu ukifika, kuanzia Oktoba, wakulima walianza kujipanga kabla ya alfajiri, magunia yakiwa vichwani, kwenye baiskeli, kwenye mikokoteni. Mizani ilikuwa ya kuning'iniza, yenye kulabu kubwa ya chuma chini yake. Gunia lilitiwa kamba, likatundikwa kwenye kulabu, mshale ukacheza, baba akausubiri utulie. Wenzake wengi hawakuusubiri. Walisoma mshale ukiwa bado unacheza, na daima walisoma upande wa hasara ya mkulima. Baba alisimama, mkono mmoja ukilituliza gunia, macho kwenye mshale, mpaka uache kabisa kutikisika. Ndipo alipotamka uzito, kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa foleni, akamgeukia mwenye gunia amwambie kama ameridhika.

Siku moja kamba ilikatika wakati mkono wake uko chini ya kulabu. Gunia lilianguka, kulabu ikaruka, ikamshukia kwenye kifundo cha mkono. Kifungio cha saa ndicho kilichoipokea. Mama alisimulia habari hiyo mara nyingi kuliko baba. Kila aliposimulia alimalizia kwa kuushika ule mkono na kuugeuza, auone mshipa uliokuwa chini ya chuma. Baba hakuwa mtu wa maneno. Alichofanya ni kuendelea kuivaa saa ile, na asiende kwa fundi yeyote kuuondoa mkwaruzo ule, ingawa mafundi walikuwepo na bei haikuwa kubwa.

Ninavyomkumbuka mimi ni jioni za Alhamisi. Baada ya swala ya alasiri alikaa kwenye kiti chake cha uani, akaomba maji katika kikombe cha bati, akaivua saa. Aliusugua mkanda wake kwa mswaki, pingili kwa pingili, akiwa ameishika saa yenyewe juu isiingie maji, kwani hakuwa na imani na ahadi za kiwanda juu ya maji. Kisha aliifuta kwa kipande cha kanga kuukuu ya mama, kilichokatwa kwa ajili hiyo tu, ambacho hapakuwa na mtoto aliyethubutu kukipangusia kitu kingine. Ijumaa alikwenda msikitini mkono ukimeta. Haukuwa mng'ao wa upya. Saa ilikuwa na mikwaruzo tele na kila mtu aliiona. Ulikuwa mng'ao wa usafi, na mtu aliyekulia katika nyumba yenye usafi wa namna hiyo huutambua mara moja kokote auonapo.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho. "Huu siuondoi," akasema. "Kuuondoa, itanibidi niushushe uso wote wa kifungio mpaka chini ya kina chake. Nitakurudishia kifungio chembamba, na baba yako hatakuwamo." Akaupitishia kijiti chake kingo zake tu, zisije zikashika nyuzi za shati. Basi.

Saa hizi za Seiko 5 zina historia yao katika pwani ya kusini, na historia hiyo inaeleza kwa nini mafundi wa namna hii walitokea. Seiko ilipoanza kuziuza mwaka 1963, ile namba 5 ilisimamia ahadi tano: kujitia ufunguo kwa mwendo wa mkono, siku na tarehe katika dirisha moja, kuhimili maji, kifundo kilichosogezwa upande wa namba nne, na kasha na mkanda vya kudumu. Watu huikumbuka ahadi ya kwanza na kuisahau ya mwisho, na hali mkanda ndio unaoishika saa mwilini na kupokea mapigo kwa niaba yake. Zilifika kwetu kwa njia za bahari za siku nyingi. Aliyekuwa na ndugu Maskati au Dubai alitumiwa saa ambayo jina la siku lilisomeka kwa Kiarabu na kwa Kiingereza. Ya baba ilikuja hivyo hivyo, kwa mkono wa ami yake.

Saa ikishafika, haikuwa na mbadala. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, safari ya Dar es Salaam ilisimama kwenye Mto Rufiji, na kivuko cha Ndundu ndicho kilichoamua nani avuke na lini. Masika yakikolea barabara ilifungika, na kusini kukabaki na vilivyomo. Ikaja miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, ambapo sabuni na sukari zilikuwa za kupangia foleni. Nani angeota saa mpya? Kila kitu kilichokuwa mkononi kilipaswa kuishi. Redio ilitengenezwa, taa ya karabai ikatengenezwa, baiskeli ikapakwa rangi mara ya tatu, na fundi saa akawa mtu wa heshima katika mtaa, anayetolewa kiti anapoingia mahali. Dhiki ile ilitufundisha utunzaji, na ni aibu yetu kwamba neema ilipokuja tuliutupa utunzaji pamoja na dhiki.

Nikivuka kwenda Kilwa Kisiwani huona kwamba swali la mzee wangu wa barazani ni lile lile linalowakabili waashi wa magofu. Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Bahari na mvua na mizizi viliyala hadi yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyahifadhi. Kazi hiyo haikuwa ya kuyafanya mapya. Anayeutengeneza ukuta wa matumbawe hutumia chokaa, kwa sababu saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe; huufungia unyevu na chumvi ndani, na jiwe likaoza nyuma ya kiraka kinachopendeza macho. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyekuwa akitawala wakati msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, ingeweza kupakwa lipu nyeupe kuanzia msingi hadi juu. Ingependeza kwenye picha. Na hapo tungekuwa tumeizika kwa mikono yetu, tukiwa tunadhani tunaitunza.

Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa nazo zina sheria hiyo hiyo. Zilipita mikono mingi sokoni, na maandishi yake yamefifia kwa kushikwa. Mjuzi wa sarafu haisugui sarafu ya kale mpaka ing'ae, maana mng'ao huo unatoka na herufi. Mwashi, mjuzi wa sarafu na fundi saa hawajakaa baraza moja, lakini wameshika elimu moja: kwamba kitu cha kale kina kiasi maalumu cha mwili kilichobaki, na kila anayekigusa anapunguza akiba ambayo hakuiweka yeye.

Sasa tazama tunavyofanya. Nimeona saa ya mzee mmoja wa Kilwa Masoko iliyorudishwa na wajukuu zake kutoka kwenye duka moja la mjini, ambako waliipeleka kwa nia njema. Ilikuwa imetiwa kwenye mota ya kung'arishia. Nyuzi zote zimekwisha. Kingo zote zimeyeyuka, na pingili zimekuwa za mviringo. Uliweza kujitazama uso kwenye kifungio. Wajukuu walifurahi, wakampiga picha babu yao akiwa ameivaa. Yeye aliigeuza mkononi mara kadhaa, akashukuru, akauliza kwa upole kama wana hakika ni ile ile.

Kazi ya mota ni ya dakika chache, na hayo ndiyo tuliyoyataka. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na sisi tumezidi: hata cha zamani tunakilazimisha kijifanye kipya ndipo tukikubali. Wengine hawafiki hata huko. Hununua saa za vibandani ambazo mkanda wake ni madini duni yaliyopakwa utando wa rangi ya fedha. Miezi michache ya jasho, utando unabanduka, na chini yake hutokea wekundu unaoacha doa kwenye ngozi. Saa hiyo haina mkwaruzo wa kutengenezwa, kwa kuwa haina mwili wa kuukwaruza. Inatupwa, inanunuliwa nyingine, na mtu anaweza kumaliza umri wake amevaa saa nyingi asiache hata moja ya kurithiwa.

Nilimuuliza mzee kuhusu wanafunzi. Alisema vijana aliowahi kuwafunza wamehamia kwenye simu, na hakuwalaumu; simu inaharibika kila siku na mwenye simu hana subira, kwa hiyo hulipa. Mwenye saa ya kale huja mara moja, na akitengenezewa vizuri harudi tena miaka mingi. Kazi njema ya fundi saa humnyima mteja. Bei aliyonitajia ilikuwa ndogo kuliko nauli ya bajaji za siku hiyo, nami nilipoongeza alinirudishia ziada, akisema mkwaruzo mkubwa hakuufanyia kazi.

Maneno yake hayo yamenikaa. Kwake yeye kuacha hakulipiwi, na hali kuacha ndiko kulikokuwa kugumu kuliko yote aliyofanya. Kusugua kunafundishika kwa wiki chache. Kujua msasa ukomee wapi kunataka miaka ya kutazama, na macho yaliyokwisha kuona vitu vingi vikiharibiwa na watu wenye nia njema. Elimu hiyo haimo kitabuni. Imo katika vidole vya wazee wachache waliokaa kwenye mabaraza kuanzia Kivinje hadi Lindi, na kila msimu mmoja wao anafunga kasha lake la kioo kwa mara ya mwisho, na watoto wake wanagawana bisibisi bila kujua kilichokuwa katika ule mkono ulioishika.

Pwani yetu imekwisha kuzoea misiba ya aina hii. Waliondoka wachongaji wa milango ya Kivinje, na milango yao ikauzwa au ikaliwa na mchwa. Masonara wa fedha wakapungua mpaka ukitaka bangili ya bibi itengenezwe huna pa kuipeleka. Mafundi wa majahazi wamebaki wa kuhesabika. Kila fani ilipoondoka tulijifariji kwamba zama hubadilika na kwamba itakuja nyingine kushika nafasi yake. Zama zilibadilika kweli. Madukani zikajaa bidhaa, na katika zile nafasi zilizoachwa wazi hajakaa mtu mpaka leo.